Kinywa cha Mgonjwa Aliye Mikononi Mwetu



Huko Osiri, katika kaunti ya Migori, jamaa mmoja wa Kiislamu walinikaribisha kumzuru baba yao, mzee aliyepigwa na kiharusi akapooza upande wa kuume. Shuka zake zilikuwa nyeupe, na mwanawe humtawadhisha kwa kila sala. Walilalamika tu kwamba mzee amekuwa mkaidi: akipelekewa kijiko hugeuza uso. Nikaomba ayavue meno yake ya bandia. Yalikuwa hayajatolewa kwa majuma mengi, na chini yake palikuwa na kidonda.

Kumbe kusukutua walikuwa wakikuruka, wakiogopa asipaliwe. Hawakukosea kifiqhi, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi kusukutua ni sunna. Lakini kinywa kilichosamehewa maji ya udhu hakikusamehewa usafi.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.), katika saa zake za mwisho, aliegemea kifuani mwa Bibi Aisha, akautazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abubakar. Bibi Aisha akamuuliza kama amchukulie. Akaashiria kwa kichwa kwamba ndiyo. Akaulainisha, naye akapiga mswaki. Angalieni tartibu ile: aliuliza kwanza, akangoja ishara. Wangapi kati yetu humfungua mzazi kinywa kwa nguvu kama anayetia mtoto dawa?

Wajaluo wa zamani waling'oa meno 6 ya mbele ya chini. Miongoni mwa sababu zinazosimuliwa ni kwamba mgonjwa akikaza taya, apate kupitishiwa chakula na dawa katika pengo lile. Basi hata wao waliifikiria siku ya kulishwa na mwingine.

Uchafu wa kinywa haukai kinywani. Mgonjwa asiyemeza vyema huuvuta pamoja na mate hadi mapafuni, akapata nimonia. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Japani katika nyumba 11 za wazee: kwa miaka 2, waliosafishwa vinywa baada ya kila mlo waliugua nimonia kwa uchache kuliko wenzao.

Kazi yenyewe si ngumu. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo. Usimsafishe amelala chali. Mswaki uwe laini, dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi, mara mbili kwa siku. Asiye na meno afutwe ufizi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe, yawekwe majini. Usitie kidole baina ya meno. Taya hujifunga ghafla. Na akikataa chakula, tazama kinywa kabla ya kumlaumu.

Mzee wa Osiri alipelekwa kwa daktari wa meno. Mwanawe sasa humpa mswaki katika mkono wa kushoto, akaushika mkono ule kwa juu, wakasugua pamoja yale meno machache yaliyobaki. Uji anakunywa.