Dawa ya Ubongo Kupitia Puani: Njia Ipo, Kazi ni Kufika

Ubongo una ulinzi mkali. Kuta za mishipa midogo ya damu inayoulisha zimebanana mno, hata dawa nyingi zinazomezwa au kuchomwa sindano huzunguka mwili mzima bila kuingia ndani yake, hasa zile zenye molekuli kubwa kama protini. Ndiyo maana watafiti wamegeukia pua. Kwenye paa la pua, neva za kunusa hupenya mfupa wenye vitundu na kufika kwenye ubongo. Amiba iitwayo Naegleria fowleri hupita hapohapo na kumuua mtu aliyeingiwa na maji puani akiogelea. Njia basi ipo. Lakini habari nyingi za matumaini kuhusu njia hiyo huchanganya mambo mawili ambayo ni bora kuyatenganisha.

Jambo la kwanza ni dawa za kupuliza puani ambazo tayari zimeidhinishwa Marekani: naloksoni ya kumwokoa aliyezidisha afyuni (2015), na midazolamu ya kukatiza kifafa kinachorudiarudia (2019). Hizi hutegemea zaidi damu. Utando wa pua umejaa mishipa, hivyo dawa hunyonywa upesi bila kupitia kwanza kwenye ini, na kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na huyeyuka kwenye mafuta, huvuka ulinzi wa ubongo zenyewe.

Jambo la pili ni kufuata neva moja kwa moja, na hapo ushahidi kwa binadamu bado ni dhaifu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa watu 289, wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu au ugonjwa wa Alzheimer, insulini au dawa bandia puani kwa miezi 12. Kifaa cha kwanza kilisumbua, kikabadilishwa. Waliotumia cha pili hawakuonyesha nafuu kuwashinda wenzao wa dawa bandia. Sehemu ya ugumu ni umbile letu. Eneo la kunusa ni karibu nusu ya utando wa pua ya panya, lakini kwa binadamu halifiki hata sehemu moja ya kumi, tena liko juu kabisa. Kipulizo cha kawaida huishia mbele, kisha vinyweleo husukuma ute pamoja na dawa kooni ndani ya dakika 20 hivi. Kwa hiyo wabunifu wanatengeneza vifaa vya kurusha dawa juu zaidi, na jeli za kuinatisha pale ilipotua.

Mtu atauliza: kama dawa inapita kwenye damu tu, faida ya pua ni nini? Mwangalie mtoto aliyeshikwa na degedege. Hawezi kumeza, mshipa wake haupatikani kirahisi, na dawa ya kuwekwa njia ya haja kubwa humlazimu mzazi kumvua nguo mbele za watu. Kipulizo cha puani kinaondoa yote hayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwao, mzigo wa leo ni bei na upatikanaji wa vipulizo ambavyo tayari vinafanya kazi. Utafiti wa njia ya neva uendelee, lakini usiwe sababu ya kuwacheleweshea hao.