Wino Ukaukapo: Kuzibua na Kujaza Upya Katriji ya Printa

Mjini Tabora, kati ya Juni na Oktoba, hewa hukauka na vumbi hutanda. Ni katika majira hayo printa ndogo ya wino iliyowekwa kando kwa majuma kadhaa huanza kutoa kurasa zenye mistari mieupe. Mwenyewe hudhani wino umekwisha, kumbe mara nyingi umekauka mdomoni tu.

Chini ya katriji pana bamba dogo lenye vitundu vingi, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Wino wake kwa sehemu kubwa ni maji. Yavukapo, rangi hubaki nzito mfano wa uji na kuviziba.

Yafaa tuelewe kwanza jinsi wino utokavyo. Yasimuliwa kwamba mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, chuma cha kulehemu chenye moto kiligusa sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka. Ichiro Endo akaona maana yake. Nyuma ya kila kitundu huwekwa kipande kidogo cha kupasha moto. Umeme upitapo kwa sehemu chache za milioni ya sekunde, wino ulio karibu huchemka, kiputo hufura, na tone husukumwa nje. (Printa za Epson hutumia njia nyingine, na vitundu vyake havimo katika katriji, maelezo yafuatayo hayazihusu.)

Hapo ndipo nilipokosea. Nikiwa likizoni nyumbani, Chemchem, mdogo wangu wa kike, ambaye ni mwalimu, alihitaji kuchapa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Mistari mieupe ikatokea. Nikaiamuru printa ijisafishe mara mbili, mara tano, mara kumi, nikisahau kwamba kila usafishaji hula wino, na kwamba wino ndio unaokipoza kile kipande cha moto. Wino ukaisha, nikaendelea, kikaungua. Shahada ya uzamivu niliyoifuata ng'ambo haikunifaa kitu: Jumatatu maswali yaliandikwa ubaoni kwa chaki.

Njia iliyo salama ni kulowesha karatasi laini kwa maji ya uvuguvugu, kuilaza katriji juu yake vitundu vikielekea chini, na kungoja dakika tano hadi kumi. Rangi ikianza kujichora karatasini, mdomo umezibuka. Usisugue bamba, wala usiguse vipande vya shaba vipitishavyo umeme. Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya kuchemshwa hayatoshi, ingawa wengi huyaamini: kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi nyingi hubaki. Yale ya kuongezea betri ya gari yanafaa, mradi uhakikishe kwamba si asidi.

Kujaza kufanyike kabla sifongo ya ndani haijakauka. Sifongo hiyo hushika wino kwa nguvu ileile ipandishayo mafuta katika utambi wa koroboi, na kwa sababu hiyo wino haudondoki ovyo. Ingiza sindano kupitia tundu lililo chini ya lebo, ukisukuma polepole, mililita chache tu. Ukizidisha, sifongo hushiba na kushindwa kushika. Katriji hugeuka chemchemi, jina zuri kwa mtaa lakini si kwa kifaa hiki. Katriji ya rangi tatu ina vyumba vitatu; chovya kijiti cha meno katika kila tundu ujue rangi yake kwanza.

Tundu la hewa lisizibwe. Mwalimu aweza kuonyesha sababu yake kwa mrija: uchovye majini, ziba ncha ya juu kwa kidole, uinue. Maji hayatoki mpaka kidole kiondoke.

Usichanganye aina za wino. Upo ambao rangi yake imeyeyuka majini, na upo wenye chembe zisizoyeyuka. Vikikutana huweza kugandamana. Wa kwanza hufifia upesi. Livingstone, kabla ya kufika Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, aliishiwa wino huko Nyangwe mwaka 1871, akaandika kwa utomvu wa matunda juu ya gazeti kuukuu. Maandishi yalififia hata wataalamu wakalazimika kuyasoma kwa mianga maalumu, na matokeo kutolewa mwaka 2011.

Siku hizi mdogo wangu huchapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila Ijumaa ya kiangazi, hata kama hana cha kuchapa.