Banjo ya Mgongo Wazi: Tazama Shingo Kabla ya Mapambo

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, na duka la ala za muziki ni mahali ambapo usemi huo huthibitika kila siku. Banjo yenye vyuma vinavyometameta na lulu zilizopachikwa shingoni huvuta macho ya mnunuzi. Kumbe huenda shingo yenyewe imepinda na nyuzi hazishiki sauti. Askari mwenye mshahara wa kuhesabu, anayetaka ala ya kujiliwaza yeye na wenzake baada ya zamu, hana budi kujua anachonunua. Ala mbovu haimpotezei fedha tu, bali humfanya aamini kuwa yeye mwenyewe hana kipaji, akaitundika ukutani na asiiguse tena. Hasara hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Watu wengi huidhania banjo kuwa ni ala ya Wazungu wa Marekani. La hasha! Asili yake ni Afrika. Wajola wa Senegal na Gambia wanayo hadi leo ala iitwayo akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na nyuzi tatu, mmojawapo ukiwa mfupi kuliko zile nyingine. Waafrika waliochukuliwa utumwani waliunda ala za jamaa hiyo katika visiwa vya Karibi na bara la Amerika. Daktari Hans Sloane, aliyefika Jamaica mwaka 1687, alizieleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1707.

Katika karne ya 19 Wazungu waliitwaa banjo na kuipandisha majukwaani. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Joel Walker Sweeney wa Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, ndugu yake mdogo, Sam Sweeney, akawa mpiga banjo wa Jenerali J.E.B. Stuart, mkuu wa askari wa farasi wa majimbo ya Kusini. Hivyo ala iliyobuniwa na watumwa ikawa inaliwaza kambi ya jeshi lililopigania nchi ya wenye watumwa. Sam alifariki kwa ndui mwaka 1864, lakini banjo haikufa pamoja naye.

Banjo za zama hizo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa na mgongo wazi. Yaani ngozi iliwambwa juu ya duara la mbao, na nyuma hapakuzibwa kitu. Kuanzia miaka ya 1920 ilienea desturi ya kufunga bakuli la mbao mgongoni ili sauti irushwe mbele kwa nguvu. Bakuli hilo lilipata umaarufu zaidi baada ya Earl Scruggs kujiunga na bendi ya Bill Monroe mwaka 1945, akipiga kwa vidole vitatu kwa kasi kubwa. Basi mgongo wazi si dalili ya umaskini wa ala. Sauti yake ni pole na ya mviringo, nayo yafaa sana kwa upigaji wa kale, ambapo ukucha hushuka juu ya nyuzi na kidole gumba hudonoa uzi mfupi. Wapigaji wa akonting nao hushusha ukucha namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza la kuangalia ni idadi ya nyuzi. Banjo ya muziki huo ina nyuzi tano, na uzi wa tano huanzia katikati ya shingo. Zipo pia banjo za nyuzi nne, ambazo hazikupungukiwa na kitu bali ni ala ya aina nyingine. Na zipo za nyuzi sita, zinazopigwa kama gitaa. Asiyejua tofauti hii anaweza kununua ala nzuri kabisa ambayo haifai kwa muziki anaoutamani.

Jambo la pili, na ndilo kubwa kuliko yote, ni shingo. Ishike banjo uitazame shingo kwa urefu wake, kama mlenga shabaha atazamavyo mtutu wa bunduki. Ikiwa imepindika upande, au imejikunja kama upinde, irudishe mahali pake hata kama bei yake ni ya kutupa. Kisha pima nafasi iliyopo baina ya nyuzi na kipande cha chuma cha kumi na mbili shingoni. Yapata milimita tatu yatosha. Ikizidi sana, vidole vitaumia na sauti itapotoka. Banjo nyingi za kisasa zina fito ya chuma ndani ya shingo, ambayo fundi huweza kuikaza au kuilegeza ili kurekebisha mkunjo mdogo.

Jambo la tatu ni vigingi vya kukazia nyuzi. Vizungushe kimoja kimoja: visiteleze, wala visiwe vizito kupita kiasi. Chunguza hasa kigingi cha uzi wa tano. Katika ala za bei ya chini kigingi hicho mara nyingi hushikilia kwa msuguano tu, na uzi hulegea katikati ya wimbo. Chenye meno ndani yake ni bora zaidi, nacho chaweza kununuliwa peke yake na kubadilishwa.

Jambo la nne ni duara na ngozi. Duara la mbao ngumu iliyogandishwa kwa tabaka ndilo la kupendelewa. Baadhi ya ala rahisi zina duara la alumini, ambalo sauti yake ni kali na ya chuma. Ngozi ya mnyama hulegea hewa inapokuwa na unyevu, hivyo kwa walio karibu na maziwa, pwani na misitu, ngozi ya plastiki ni salama zaidi. Hukazwa kwa kulabu zilizozunguka duara. Kaza kidogo kidogo, kulabu moja kisha ile inayoikabili, kama fundi akazavyo nati za gurudumu la lori. Anayekaza upande mmoja kwa pupa huipasua.

Aidha, kumbuka kuwa kidaraja kinachobeba nyuzi juu ya ngozi hakikugundishwa. Kinaweza kusogea, na kikisogea banjo nzima huimba uongo. Umbali kutoka juu ya shingo hadi chuma cha kumi na mbili hauna budi kukaribiana sana na ule wa kutoka hapo hadi kwenye kidaraja. Wengi wameishutumu ala kwa kosa la kidaraja kilichosogea nusu inchi.

Na bei je? Huko Marekani, katika miaka ya karibuni, banjo mpya za mgongo wazi za wanaoanza zimeuzwa kuanzia kama dola 250. Ile iitwayo Goodtime, ya kampuni ya Deering iliyoanzishwa California mwaka 1975, hupita dola 500. Mwenye kuagiza kutoka ng'ambo aongeze nauli na ushuru, tena atenge fedha kidogo za fundi. Kwani ala ya bei nafuu iliyotengenezwa vizuri na fundi huishinda ya bei kubwa iliyotoka kiwandani ovyo. Njia nyingine ni kununua banjo yenye bakuli lililofungwa kwa skrubu. Likiondolewa, mgongo hubaki wazi. Ama zile kuukuu za kabla ya zama za nyuzi za chuma, ziliundwa kwa nyuzi za utumbo. Zifungie nyuzi za nailoni, usije ukaivunja shingo iliyodumu miaka mia.

Kwa maisha ya kambini, banjo hii ina sifa mbili zaidi. Ni nyepesi, kwa maana haina bakuli wala vyuma vizito, hivyo mwenye kuhamishwa kituo mara kwa mara hapati mzigo wa kumlemea. Na saa za kupumzika zinapofika, kitambaa kilichosokotwa na kupenyezwa nyuma ya ngozi huipunguza sauti, mwenyewe akaendelea kujifunza pasipo kuwaamsha waliotoka doria.

Basi, ndugu askari, uendapo kununua, acha macho yako yapite juu ya lulu bila kusimama. Anza na shingo, fuata vigingi, malizia na duara na ngozi. Muuzaji akikuharakisha, mwambie kwa adabu kwamba silaha haipokelewi kabla ya kukaguliwa.