Mzae Alisema Chembe, Mtoi Akasema Wimbi

Wasee, kuna stori ya buda na kijana wake huko Uingereza, na kila keja yenye mrazi na mtoi hawaskizani inafaa kuijua.

1897, J. J. Thomson akiwa Cambridge alicheki miale ndani ya chupa imetolewa hewa. Akaipindisha na umeme na sumaku, akashika rada: imejengwa na chembe ndogo kuliko atomu. Hizo ndio tunaita elektroni. 1906 akabeba Nobel.

Sasa Ufaransa kukatokea chali anaitwa Louis de Broglie. Huyu alianza na historia chuo, ndio akaingia fizikia. Einstein alikuwa ashabonga 1905 ati mwanga, wenye wasee walijua ni wimbi, pia huja vipande vipande. De Broglie, 1924, akageuza swali: kama wimbi hukaa chembe, mbona chembe isikae wimbi? Akatoa hesabu fupi noma: chukua namba ya Planck (namba ndogo mno ya fizikia, haibadiliki), gawanya kwa uzito mara spidi, jibu ndio urefu wa wimbi la hicho kitu.

Jaribu na boli ya gramu 430, imepigwa mita 20 kwa sekunde. Unapata mita moja ikigawanywa kwa kumi karibu mara 34. Hata protoni ni jitu kando ya hiyo, ndio maana hutawahi ona boli ikifanya mawimbi uwanjani. Lakini elektroni ni nyepesi mbaya. Isukume na volti 54, wimbi lake linafika kama nanomita 0.17, saizi inakaribia nafasi kati ya atomu kwenye chuma. Hapo linaonekana.

Na lilionekana. 1927, wanafizikia Davisson na Germer waligongesha elektroni kwa nikeli huko New York, zikaruka venye mawimbi hufanya. Mwaka huo huo, kule Aberdeen, George Thomson, mtoi wa yule mzae, alipitisha elektroni kwa karatasi nyembamba ya madini. Kwa picha zikatokea duara ndani ya duara. Mahali mawimbi yanakutana yakiwa juu pamoja, yanaongezana. Moja ikiwa juu na ingine chini, zinauana. Chembe tupu haiwezi chora hiyo kitu. 1937 George na Davisson wakagawana Nobel, na mzae alikuwa bado hai.

Sasa nani alikuwa na ukweli? Wote wawili. 1989 wasee wa Japani waliachilia elektroni moja moja. Kila moja ilitua kama doti. Doti zikajaa, zikachora mistari ya wimbi. Kutua ni kwa chembe, kupanga mahali pa kutua ni kwa wimbi.

Na hii si stori ya vitabu tu. Mwanga tunaoona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Kirusi cha Corona ni kama 100, kidogo kuliko mawimbi hayo, so mwanga hauwezi kukionyesha poa. Elektroni zina mawimbi mafupi zaidi, na ndizo zilipiga picha zake 2020.

Kwa hivyo kijana, kabla umwambie buda wako amepitwa na wakati, muulize alipima nini, na alipima aje. Na wewe mrazi, mtoi akileta jibu halifanani na lako, cheki kazi yake kwanza. Ukweli unaweza kuwatosha nyote, bora kila mtu awe amefanya kipimo chake poa.