Sufuria Moja, Magonjwa Mawili

Katika bonde la Ruzizi, kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira, pana kijiji kiitwacho Katogota. Nchi ile ni ya joto, na udongo wake hutoa mihogo, mahindi, mpunga na ndizi. Tena ziwa Tanganyika haliko mbali, na ndagala wakavu huletwa sokoni. Mtu aonaye mali hizo aweza kusema kwamba ugonjwa wa chakula hauna njia ya kuingia huku. Lakini sivyo. Hata penye chakula, mtu huweza kuugua kwa sababu ya namna anavyokila.

Tuseme yupo mama mmoja auzaye vitenge kando ya barabara. Kutwa huketi penye meza yake, na jioni hula akashiba. Siku moja aenda zahanati, naye mwuguzi ampima: uzito ni kilo 88, na damu yasukuma kwa nguvu mno. Mwuguzi amwambia, “Mama, yakupasa kupunguza mwili.” Yeye ajibu, “Nimesikia, mwanangu.” Lakini njiani afanya shauri lake mwenyewe: “Kinachoninenepesha ni samaki na maharagwe. Tangu leo nitakula bugali na mchuzi tu.”

Nyumbani kwake yumo mjukuu wa miaka miwili, aliyeachishwa kunyonya hivi karibuni. Kwa kuwa bibi hapiki tena samaki wala maharagwe, mtoto naye ala bugali na mchuzi. Baada ya miezi michache bibi amepungua kidogo, lakini mikono yake imelegea, na mzigo wa vitenge wamshinda. Mtoto naye amevimba miguu, nywele zake zimefifia rangi, wala hataki kucheza. Sufuria ni moja, magonjwa ni mawili. Kosa li wapi?

Mafungu matatu

Chakula kina mafungu makubwa matatu. La kwanza ni wanga, utiao nguvu: ndio bugali, wali, ndizi, viazi na sukari. La pili ni protini, ijengayo nyama ya mwili na kuitengeneza inapochakaa: ndiyo samaki, nyama, mayai, maziwa, maharagwe na karanga. La tatu ni mafuta, kama mawese, nayo ni akiba ya nguvu.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na gramu ya protini vilevile 4. Gramu ya mafuta hutoa 9, yaani zaidi ya mara mbili. Pombe nayo haikosi hesabu yake: gramu moja ya kileo hutoa kalori 7. Mwili ukipokea kalori nyingi kuliko utumiazo, huziweka akiba kwa namna ya mafuta. Ukipokea chache, hula akiba yake. Ndiyo sababu mtu hunenepa au hukonda.

Sasa tuipime sahani ya yule mama. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori kama 340, lakini protini yake haizidi gramu 2 au hivi. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini kama gramu 21, na ndagala wakavu wa uzito huo wana zaidi ya gramu 50. Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima apate kila siku gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Basi mwenye kilo 60 ahitaji kama gramu 50. Kwa bugali peke yake ni vigumu kabisa kufika huko. Yule mama aliondoa kile kilichomjenga, akabaki na kile kilichomnenepesha. Mwili ulipokosa protini, ulianza kula nyama yake wenyewe, ndiyo maana mikono ililegea.

Je, liko fungu la kukimbiwa?

Wengine husema adui ni wanga, wengine husema ni mafuta. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwachukua watu wanene 811, wakawagawa katika makundi manne: wengine wakila mafuta mengi, wengine machache, wengine protini nyingi, wengine kidogo, na wanga vivyo hivyo. Kalori zilipunguzwa kwa wote. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa yamepungua karibu sawa, wastani wa kilo 4 hivi. Basi hakuna fungu lenye uchawi. Kinachopunguza mwili ni kupunguza kalori na kudumu katika hilo. Kinachohifadhi afya ni kutoliondoa fungu lolote.

Bibi afanye nini, basi? Samaki na maharagwe wake asiyaache. Katika unga wa siku nzima apunguze gramu 100: hapo ameondoa kalori kama 340. Ikiwa alijitilia vijiko vitatu vikubwa vya mawese, ajipimie kimoja: hapo ameondoa karibu 250. Asiyaache yote, maana mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini A pasipo mafuta. Chai yake ainywe bila sukari. Aongeze lengalenga, nyanya na mboga nyingine, ambazo hujaza tumbo kwa kalori chache. Tena aondoke mezani pake na kutembea kila siku. Asitazamie ajabu kwa juma moja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye mimba, anyonyeshaye, na atumiaye dawa za kisukari wasianze jambo hili kabla ya kuuliza zahanati.

Na mtoto je?

Uvimbe wa mjukuu huitwa kwashiorkor. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiga ya huko, nalo lahusu ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa kifuani kwa ajili ya mdogo wake. Wataalamu wa leo wasema sababu zake ni zaidi ya moja, lakini chakula cha wanga mtupu hakikosi kuwamo. Mtoto aliyevimba asitibiwe nyumbani: apelekwe zahanati siku ile ile, maana ugonjwa huu huua.

Ili asifike huko, sahani yake isiwe sawa na ya bibi. Tumbo lake ni dogo, na haja yake ya nguvu ni kubwa. Apewe maharagwe yaliyopondwa, na ndagala waliotwangwa wakawa unga, watiwe katika uji wake. Na kile kijiko cha mawese tulichomwondolea bibi, sasa kitiwe katika uji wa mtoto. Lililo dawa kwa mmoja ni hasara kwa mwingine.

Jambo moja zaidi. Muhogo mchungu una sumu, na usipolowekwa na kukaushwa vema sumu hubaki ndani. Mwili huiondoa kwa msaada wa protini. Akosaye samaki na maharagwe, huku akila muhogo usiotengenezwa vema, aweza kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi ya Kongo. Basi kina mama, msiharakishe kuloweka. Na sombe vilevile itwangwe na kuchemshwa sana.

Nanyi wanafunzi mjuao hesabu, leo jioni itazameni sahani ya nyumbani kwenu. Ulizeni: hapa wanga u wapi, protini i wapi, mafuta ni kiasi gani? Kisha ulizeni swali kubwa kuliko hayo: katika nyumba hii, nani ahitaji kupunguziwa, na nani ahitaji kuongezewa?