Habari za Kimeta: Jinsi Joto Linavyozaa Mbegu Zake

Ninyi mnaofuga ng'ombe hapa Kabasa na katika nchi yote ya Bunda, Butiama na Musoma, jina la kimeta mmekwisha kulisikia. Ng'ombe aliyekula vizuri jioni huonekana asubuhi amekufa, tumbo limevimba, na damu nyeusi isiyoganda yamtoka puani, kinywani au nyuma. Mwenye ng'ombe huona hasara kubwa, naye husema moyoni, "Heri nipate walau nyama." Hapo ndipo kisu huletwa, na hapo ndipo ubaya wenyewe huanza. Watu wengi wameambiwa wasipasue mzoga wa namna hii, lakini ni wachache walioelezwa kwa nini. Na amri isiyo na sababu haikai moyoni siku ya njaa. Basi, sababu ndiyo hii.

Kimeta huletwa na kijidudu kidogo mno, kisichoonekana ila kwa darubini, na umbo lake ni kama kijiti. Maadamu kimo katika damu ya mnyama aliye hai, huongezeka kwa kujigawa, wala hakifanyi mbegu. Lakini damu ikimwagika nje ikapata hewa, na chakula kikaanza kupungua, kijiti hutunga ndani yake kitu kama punje, chenye maganda magumu. Wataalamu huiita spora. Mimi nitaiita mbegu, kwa kuwa yafanana na mbegu ya mtama ghalani: haili, haikui, yangoja tu. Kijiti chenyewe ni dhaifu, hufa upesi. Mbegu yake haijali jua wala ukavu. Katika kisiwa cha Gruinard huko Scotland, Waingereza walijaribu silaha ya kimeta mwaka 1942 na 1943. Udongo wake ulibaki na mbegu hata ukasafishwa kwa dawa ya formalini mwaka 1986, na kisiwa kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990 tu.

Aliyeonyesha mambo haya kwanza kwa utaratibu ni Robert Koch, mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, katika dola ya Wajerumani, mwaka 1876. (Ndiye huyo aliyekuja baadaye kwetu, akakaa katika visiwa vya Sese ndani ya Ziwa Nyanza mwaka 1906 na 1907, akichunguza ugonjwa wa malale.) Hakuwa na nyumba kubwa ya uchunguzi. Alitwaa chembe ya wengu wa panya aliyekufa kwa kimeta, akaitia katika maji ya jicho la ng'ombe, akaiweka mahali pa joto, akatazama kwa darubini saa baada ya saa. Akaona kwamba joto ndilo liamualo. Kwa digrii 35 mbegu zilikuwa tayari kwa muda wa saa 20 hivi; kwa digrii 30, yapata saa 30; kwa digrii 18 au 20 zilihitaji siku mbili hata tatu; na chini ya digrii 12 kijiti hakikukua kabisa.

Sasa itazameni nchi yetu. Hatuna barafu wala majira ya baridi. Mchana joto letu hukaribia digrii 30, na udongo uliopigwa na jua huzidi hapo. Mtu akimchinja ng'ombe mgonjwa asubuhi, damu iliyozama katika udongo yaweza kuwa na mbegu kesho yake. Katika mzoga usiopasuliwa mambo ni mengine kabisa: hewa haiingii, vijidudu vya uozo huvizidi nguvu vile vya kimeta, navyo hufa kwa siku chache bila kuacha mbegu ndani yake. Ngozi nzima ni kifuniko cha chungu. Akifunua fisi au tai, kifuniko kimeondoka, na ndiyo maana mzoga hufunikwa kwa miiba au turubai mpaka utakapochomwa.

Lakini joto lina mpaka wake juu pia, na habari hii yanipendeza kuliko zote. Kuku hapati kimeta kwa urahisi. Louis Pasteur, Mfaransa, alidhani kwamba sababu ni joto la mwili wake, kwa kuwa damu ya kuku ina digrii 41 au 42, kupita yetu na ya ng'ombe. Mwaka 1878 alimtia kuku ugonjwa, akamsimamisha ndani ya maji ya baridi ili mwili wake upoe. Kuku yule akafa. Mwingine alitiwa vilevile, lakini alipoanza kuugua akatolewa majini akapashwa moto, naye akapona. Walimu, waulizeni watoto swali hili kabla ya kuwapa jibu, watalifurahia.

Kisha Pasteur akaenda mbele. Aliviotesha vijidudu katika mchuzi wa kuku uliowekwa kwa digrii 42 hata 43. Hapo viliendelea kuishi, lakini mbegu havikuweza kutunga. Na kadiri siku zilivyopita, ukali wao ulipungua. Siku hizi wataalamu wamefahamu kwamba joto hilo huvipotezea sehemu ya urithi wao iamuruyo kufanywa kwa sumu. Tarehe 5 Mei 1881, huko Pouilly-le-Fort, kondoo 24 walichanjwa, na wengine 24 wakaachwa. Wote walipotiwa kimeta kikali, kufikia tarehe 2 Juni wale wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakufa, na waliochanjwa wamesimama. Daftari zake zilipochunguzwa baadaye, ilijulikana kwamba chanjo ya siku ile ilitengenezwa kwa dawa ya bikromati, si kwa joto peke yake, naye hakusema waziwazi. Kwangu ni doa katika sifa yake, ingawa habari ya digrii 42 yabaki kweli.

Chanjo itumiwayo sasa katika nchi nyingi yatokana na kazi ya Max Sterne, aliyoifanya Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930. Hiyo ni mbegu hai za kimeta kisicho na utando wake wa kujikinga.

Wengine husema, "Tutaipika sana nyama." Kijiti hufa chunguni, mbegu huvumilia kuliko kijiti, na kuchemka kidogo hakutoshi. Tena imeonekana kwa vijidudu vingi vya jamaa hii kwamba mbegu zilizotungwa penye joto zaidi, hata kiasi fulani, huvumilia moto zaidi kuliko zile zilizotungwa penye ubaridi. Wala tusisahau kwamba hatari kubwa huja kabla ya chungu kuwekwa mekoni: ni kisu, ni mikono yenye mchubuko, ni damu iliyomwagika uani wanapocheza watoto.

Sisi tunaokaa karibu na Serengeti tuna jambo jingine. Uchunguzi wa damu ya wanyama uliofanywa huko kati ya mwaka 1996 na 2009 ulionyesha kwamba kimeta kimo katika nchi hiyo, na Desemba 2016 wanyama wa porini wengi walikufa kwa kimeta Selela, wilaya ya Monduli. Nyumbu hajui mpaka wa hifadhi. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe hung'oa mashina pamoja na udongo, na mbegu iliyolala humo huingia kinywani.

Basi mnyama akifa ghafula, mwiteni bwana mifugo kabla ya kumgusa. Mzoga uchomwe hata uwe majivu, au uzikwe shimo la kina cha mita 2, pamoja na udongo wenye damu. Ng'ombe wachanjwe kila mwaka. Mtu akitoka kipele kigeukacho kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme aligusa mnyama gani. Penisilini huponya, ikiwahi. Na ngozi ya mnyama huyo isianikwe wala isiuzwe, kwa maana mbegu husafiri nayo mpaka kwa mnunuzi.