Wiki mbili za kumrembesha Toyota ya mzee

Broka wa kwanza hakutaka hata kufungua mlango. Alilizunguka gari mara moja, akapiga tairi la nyuma teke, akachungulia taa za mbele zilizokuwa njano kama meno ya mvutaji sigara, kisha akatoa bei.

"Laki mbili na themanini. Na hiyo ni kwa sababu namheshimu mzee."

Baba alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni, miwani myeusi usoni. Hakujibu. Presha ya macho imemnyang'anya sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, na tangu Novemba hajashika usukani. Gari lenyewe, Toyota Corolla NZE ya 2002, lilikuwa limesimama miezi minane chini ya mti kwenye ploti yetu huku Umoja, ndege wakilifanya choo na watoto wa jirani wakiandika majina yao kwenye vumbi la boneti.

Tulikuwa tunaliuza kwa sababu dadangu ameitwa chuo kikuu na alifaa kuripoti mwisho wa Agosti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo nyumbani kwetu hilo neno halitamkwi kwa sauti ya kawaida. Mama alikuwa ashaanza kusema tuchukue hizo hela za broka, mkono mtupu haulambwi. Nikamwomba wiki mbili. Mtandaoni nilikuwa nimeona magari ya umri huo yakiitishwa laki nne na kitu, na yale yenye bei nzuri yalikuwa na jambo moja: yalionekana kama kuna mtu aliyeyapenda.

Kabla hujaniuliza nani hununua gari la 2002 siku hizi, kumbuka Kenya hairuhusu kuingiza mtumba wa zaidi ya miaka minane. Gari kama hili haliji tena kwa meli. Yaliyopo ni haya haya tunayouziana wenyewe kwa wenyewe, na mnunuzi anajua kabisa limekula barabara zetu miaka mingi. Kwa hivyo hatafuti jipya. Anatafuta ambalo halitamla.

Nilianzia ndani. Nilifungua viti vyote viwili vya mbele, kila kimoja bolti nne, spana namba 14. Kama utajaribu hii kwako, tenganisha betri kwanza na usubiri kidogo, kwa sababu chini ya viti kuna plagi za nyaya, na zile za manjano ni za mikoba ya hewa. Usizichezee, na usiwashe gari kama hujazirudisha, la sivyo taa ya onyo itabaki ikikutazama kwenye dashibodi.

Chini ya kiti cha dereva nilipata vipande saba vya chaki. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nilipata pia sarafu, risiti za maegesho ambazo wino wake ulikuwa umefutika, kibanio cha nywele cha dadangu alipokuwa darasa la sita, na kitambulisho changu cha chuo, kile nilichodhani kiliibwa kwenye matatu. Nikakitia mfukoni nikaendelea kufyonza vumbi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Viti vya NZE vimevikwa kitambaa, na mimi nikavimwagia maji ya sabuni kama naosha zulia la sebuleni. Ilikuwa Julai. Mnajua Nairobi ya Julai: jua linatoka saa nane, linasalimia, linarudi kulala. Siku ya tatu viti vilikuwa bado vibichi ndani na gari linanuka kama soksi ya mwanafunzi wa bweni. Ikabidi nivipandishe hadi kwenye paa la nyumba tunakoanikia nguo, nivilinde mvua ikinyesha, nivigeuze kama mahindi choma. Siku tano. Kitambaa cha kiti husafishwa kwa povu, si kwa maji: unapiga sabuni kwenye ndoo, unachota povu tupu kwa brashi laini, unasugua sehemu ndogo, unafuta na taulo kavu kabla hujaenda sehemu nyingine. Harufu iliyobaki niliiondoa kwa kunyunyiza bekingi soda kwenye viti na zulia usiku kucha na kuifyonza asubuhi. Zile manukato za kuning'iniza kwenye kioo usizinunue. Mnunuzi akisikia harufu kali ya stroberi anajiuliza unaficha nini, na ana haki.

Dashibodi niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Ile dawa ya kung'arisha ambayo wanaosha magari wanaipenda huacha mafuta, vumbi linanata, na ukiendesha mchana dashibodi inaakisi kwenye kioo cha mbele. Usukani nao ulikuwa uking'aa, na nilidhani ndiyo hali yake. Kumbe ni jasho la miaka. Uliposuguliwa ukarudi kuwa mweusi usiong'aa, kama ulivyotoka kiwandani.

Nje, maji ndiyo yalikuwa shida. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hivyo nilinunua mitungi. Ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa mlangoni usiurudishe kwenye boneti. Unaanza juu ukishuka, kivulini, magurudumu na kitambaa chake tofauti. Sabuni ya unga iache ioshe jinzi zako. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari, hata kama fundi wa kuosha pale mtaani anakikung'uta na kusema kiko sawa. Alama za lami ubavuni zilitoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, kisha nikaosha tena.

Baada ya kukausha, vaa karatasi ya mkate mkononi kama glavu na upitishe vidole juu ya rangi. Sijui kwa nini inafanya kazi lakini inafanya: utahisi kila chembe ambayo jicho halioni. Boneti yetu ilikuwa kama msasa.

Taa ndizo zilizobadilisha sura. Watu husema dawa ya meno, na kweli dawa ya meno inang'arisha taa, kwa wiki chache. Kinachofifia ni ile ngozi ya juu ya plastiki iliyoungua na jua, na lazima itoke. Nilizungushia utepe wa karatasi ili nisikwaruze rangi, nikalowesha msasa namba 800, nikasugua. Taa zikawa nyeupe tititi, mbaya kuliko mwanzo. Hapo nilikaa chini nikahesabu taa mpya zingetugharimu ngapi. Lakini ukiendelea na 1500, halafu 2000, maji yakichuruzika muda wote, halafu kompaundi kwa kitambaa, ukungu unaondoka kama pazia. Mwisho nilipaka vanishi inayozuia miale ya jua, kwa sababu bila hiyo unjano hurudi, na hurudi haraka.

Nikasugua rangi kwa kompaundi hiyo hiyo, kwa mkono, siku mbili nzima. Rafiki yangu alikuwa na mashine ya kuzungusha, nikaikataa. Gari la rangi ya fedha kama hili lina rangi chini na tabaka jembamba linalong'aa juu yake, na mashine mikononi mwa mtu mwenye haraka inakula tabaka hilo kwenye kona za boneti kabla hujashtuka. Likishaisha halirudi ila kwa kupiga rangi upya. Kwenye paa tayari lilikuwa limebambuka, kidonda cha ukubwa wa sahani. Polishi haifanyi lolote hapo. Jamaa mmoja aliniambia nichukue kopo la rangi ya kunyunyiza nipulize juu, kwamba kwenye picha hakuna atakayejua. Kwenye picha, sawa.

Jioni hiyo Baba alitoka, akaweka kiganja kwenye boneti, akakipitisha polepole hadi kwenye fenda ya kushoto. Akasimama.

"Hapa umefanya vizuri," akasema. "Hata ule mkwaruzo wa geti huusikii sana."

Huo mkwaruzo niliuweka mimi nikiwa kidato cha tatu, siku niliyotoa gari bila ruhusa. Niliupaka rangi ya kucha ya mama na sikuwahi kusema neno. Miaka yote hiyo mzee alikuwa anajua.

Injini sikuiosha kwa bomba. Nilifunika alternata na betri kwa karatasi za nailoni, nikafuta vumbi la juu kwa brashi na kitambaa, nikaacha hapo. Injini inayong'aa kama sufuria mpya inamwogopesha mnunuzi mwerevu, kwani kuosha injini ndiyo njia ya zamani zaidi ya kuficha mahali inapovuja. Na yetu ilikuwa inavuja, mafuta yakijipaka ubavuni kutoka kwenye kifuniko cha vali. Nikaenda Kirinyaga Road, nikanunua gaskiti, fundi akaibadilisha kwa saa moja. Baada ya hapo niliacha vumbi kidogo kwa makusudi, mtu aone pakavu ni pakavu.

Kisha kikaja kile kishawishi. Mita ilisoma kilomita 287,000. Fundi mmoja wa kompyuta za magari akaniambia bila hata kushusha sauti: elfu tatu, dakika kumi, itasoma 129,000. "Kila mtu hufanya," akasema. "Unadhani hizo za laki nne na nusu zilifika hapo aje?"

Sitawadanganya, nililala na hilo wazo. Wiki ya pili ilikuwa inaisha, na dadangu alikuwa ashaanza kutafuta kazi ya duka kimyakimya, eti ataahirisha mwaka mmoja. Najua huo mwaka mmoja. Mimi niko kwenye wa nne wangu.

Asubuhi nilimwuliza Baba kuhusu karatasi za gari. Akanituma kabatini nikatoa kitabu cha usajili na daftari la shule, lile la miraba. Tangu alipolinunua gari 2011 alikuwa anaandika kila sevisi: tarehe, mita inasoma ngapi, mafuta gani, chujio gani, bei. Mstari kwa mstari kwa ule mwandiko wa ubaoni, hadi Novemba. Mwaka wa mwisho mistari ilikuwa inapanda na kushuka nje ya miraba, lakini namba zote zipo. Ili niuze gari la 129,000 ningelazimika kuchoma lile daftari. Nilimpigia fundi nikamwambia asije.

Picha nilizipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kamba za nguo hazijajaa. Nilipiga kumi na tisa, na kati ya hizo ya paa lililobambuka, ya mita, na ya ukurasa mmoja wa daftari. Kwenye tangazo niliandika bei ya 450,000 na mabaya yote matatu: paa, mkwaruzo, kilomita. Siku ya kwanza simu mbili tu, zote za mabroka. Mama alinitazama vile mama hutazama.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mwuguzi ambaye hufanya zamu za usiku na amechoka kungoja matatu alfajiri. Alikuja na fundi wake, kijana mkimya mwenye tochi. Huyo hakushughulika na polishi yangu. Aliinua zulia la buti akamulika mahali pa gurudumu la ziada akitafuta maji na alama za kuchomelea, akafungua kifuniko cha oili, akachomeka mashine yake, akalala chini kabisa. Akauliza kuhusu harufu ndogo iliyobaki viti vya mbele. Nikamwambia ukweli kuhusu Julai. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Mwuguzi yeye alikuwa ameketi karibu na Baba na daftari mapajani.

"Mwalimu, hapa 2016 uliruka sevisi moja."

"Sikuruka. Tulikuwa na mazishi Kitui, nikachelewa kilomita mia nane. Tazama mstari wa chini."

Akatazama. Ilikuwa hivyo. Wakabishana kuhusu bei wao wawili, mimi nimesimama pale na kitambaa begani kama mhudumu wa hoteli. Alianzia 380,000. Walimalizia 405,000. Vifaa, maji, gaskiti na fundi wake vilikuwa vimenigharimu 9,650.

Hatukumpa ufunguo siku hiyo. Watu wengi hutia sahihi karatasi, hupokea pesa na kulala, halafu gari likigonga mtu bado ni jina lako linalotafutwa. Baba alifungua uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA kupitia eCitizen, mimi nikimsomea kila mstari wa skrini kwa sauti, yeye akinisahihisha nikiruka neno. Mwuguzi akakubali upande wake na kulipa. Pesa zilipoingia benki na uhamisho ukaonekana umepita, ndipo Mama akatoa ufunguo kwenye kile kikombe cha kabatini.

Gari lilipotoka getini Baba alisikiliza hadi lilipopinda kona. "Gia ya pili anachelewa," akasema, akaingia ndani. Daftari lilienda na gari. Chaki tulibaki nazo.

Dadangu aliripoti tarehe waliyomwambia. Wiki iliyofuata jirani wa ploti ya pili alinisimamisha, akaniuliza kama naweza kufanyia Probox yake kazi kama ile, anataka kuiuza kabla ya Desemba. Tukaelewana elfu nne na mia tano, maji juu yake. Nilipofungua mlango wa nyuma nikagundua imekuwa ikibeba maziwa.